Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shughuli, Ada na Suala la Kipeperushi cha Saratani ya Matiti

Walezi wa chama, wajumbe wa kamati tendaji, ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo sitawachosha. Tumetembelea wodi, tumetoa elimu kwenye kliniki za mama na mtoto, misikitini, makanisani na sokoni, Oktoba tumetembea kama kawaida yetu, na tumewasindikiza wagonjwa wapya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Orodha kamili imo kwenye kiambatisho. Walioifanya kazi hiyo nawashukuru kwa dhati. Wanajijua, na wasioonekana nao wanajijua.

Kuhusu ada: kwenye daftari tuko wanachama 146. Waliolipa ada kamili ya shilingi 24,000 ni 58, waliolipa nusu ni 31, na 57 hawajalipa hata senti. Zimeingia shilingi 1,764,000 wakati makisio yalikuwa 3,504,000. Mkutano wa robo ya pili uliahirishwa kwa kukosa akidi, tukauitisha tena, akidi ikakosekana tena. Naomba mlikumbuke hili, kwa sababu linahusika moja kwa moja na jambo linalofuata.

SUALA LA KIPEPERUSHI

Kwa mujibu wa katiba yetu, mkutano ukikosa akidi mara mbili, kamati tendaji inaamua. Kamati iliamua kuondoa kipeperushi chetu cha zamani, na fedha za fulana za matembezi zikaenda kuchapa kipya. Uamuzi huo niliupendekeza mimi na bado nausimamia. Yamesemwa mengi kwenye kundi la WhatsApp: kwamba nimefuta mafundisho ya miaka, kwamba nawaruhusu kina mama wasizae, kwamba natangaza vidonge vya majira. Wengi waliosema hayo hawakuwepo vikaoni. Leo nitajibu hoja kwa hoja.

Kipeperushi cha zamani kilikuwa na orodha moja: kuvunja ungo mapema, kuchelewa kuzaa, kutonyonyesha, unene, pombe, vidonge, ukoo, umri. Kila kimoja ni kihatarishi kweli, yaani huongeza uwezekano wa kuugua. Tatizo ni kwamba orodha ile ilidhani saratani ya matiti ni ugonjwa mmoja, na sivyo. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kikifika maabara hupimwa vitu vitatu: kipokezi (sehemu ya seli inayopokea homoni) cha estrojeni na kipokezi cha projesteroni, ambazo ni homoni za kike, na protini ya HER2. Uvimbe wenye vipokezi vya homoni hukua kwa kulishwa homoni. Wenye HER2 nyingi husukumwa na protini hiyo. Usio na chochote kati ya hivyo vitatu huitwa hasi-tatu, nao hukua haraka, huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo, na dawa za kuzuia homoni haziugusi. Tangu mwaka 2000, watafiti Perou, Sørlie na wenzao walipochambua jeni za uvimbe huu, imejulikana kwamba haya ni makundi yenye asili tofauti. Kama asili ni tofauti, vihatarishi navyo haviwezi kufanana vyote.

Anayetaka ushahidi wa wazi autazame utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 wa kuwakinga kwa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, wanawake wenye hatari kubwa. Saratani zenye kipokezi cha estrojeni zilipungua kwa asilimia 69. Zisizo na kipokezi hazikupungua kabisa.

Sasa hoja ya uzazi, ndiyo iliyopigiwa kelele kuliko zote. Maneno "zaa mapema, zaa mara nyingi, utakingwa" hayakutoka hewani. Uchambuzi wa mwaka 2002 uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30 ulionyesha kwamba kila uzazi hupunguza hatari kwa asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha huipunguza kwa asilimia 4.3 zaidi. Lakini huo ni wastani, na wastani huo unabebwa na saratani za homoni, ambazo ndizo nyingi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliounganisha takwimu za wanawake weusi walikuta kwamba waliozaa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani isiyo na kipokezi cha estrojeni kuliko wasiozaa, na mzigo huo ulikuwa kwa wasionyonyesha hasa. Walionyonyesha waliepuka sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Kwa hiyo kipeperushi kipya kinasema: kuzaa hukinga upande mmoja, kunyonyesha hukinga pande zote mbili. Sijui ni wapi hapo nimewaambia kina mama wasizae. Mama mwenye watoto sita ambaye hakuwanyonyesha vya kutosha, kwa mafundisho ya zamani alikuwa anarudi nyumbani ameambiwa yuko salama.

Kuna na jambo ambalo waelimishaji wetu walikuwa hawalisemi kabisa. Kinga ya uzazi haiji siku ya kujifungua. Baada ya kuzaa hatari hupanda kwanza, hufika kilele takriban miaka 5 baadaye, na huchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya uzazi kuanza kuwa kinga. Hatari yenyewe kwa umri huo ni ndogo, tusitishe watu. Ila mama mwenye mtoto mchanga akija na uvimbe, tusimwambie "ni maziwa hayo, kanda tu". Uvimbe usiokwisha ndani ya wiki mbili upigwe ultrasaundi, ananyonyesha asinyonyeshe. Kunyonyesha hakuzuii kupimwa, wala hakuzuii kutolewa kinyama.

Unene. Kipeperushi cha zamani kiliuandika kwa neno moja tu. Mwanamke akikoma hedhi, ovari huacha kutoa estrojeni, na mafuta ya mwili ndiyo yanayoitengeneza kwa kimeng'enya kiitwacho aromatasi. Ndiyo maana unene baada ya kukoma hedhi huongeza saratani zenye vipokezi vya homoni. Kabla ya kukoma hedhi, kwa wastani mwili mkubwa hauongezi, hata huonekana kupunguza. Lakini tafiti za North Carolina zimehusisha mafuta ya tumboni, yaani kiuno kikubwa kuliko nyonga zinavyostahili, na aina inayofanana na hasi-tatu, wakiwemo wanawake wenye umri mdogo. Kwa hiyo mwelimishaji achukue futi ya fundi cherehani apime kiuno na nyonga, asitegemee mizani peke yake.

Pombe nayo huelekea zaidi kwenye saratani za homoni. Kila gramu 10 za alkoholi kwa siku huongeza hatari kwa takriban asilimia 7. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20. Hesabu hiyo tumeichapa vilevile ilivyo, maana neno "kiasi" kila mtu hulipima kwa glasi yake.

Vidonge vya majira. Hapa ndipo nilipoambiwa natangaza biashara. Utafiti mkubwa wa Denmark wa mwaka 2017 ulikuta ongezeko la takriban mgonjwa 1 kwa kila watumiaji 7,690 wa njia za homoni kwa mwaka, na baada ya kuacha hatari hupungua. Vidonge hivyohivyo hupunguza saratani ya ovari na ya ukuta wa mfuko wa uzazi. Kuviweka kwenye orodha bila namba, katika nchi ambayo mama bado anaweza kufa kwa mimba asiyoitaka, kulikuwa kuwatisha watu kwa hatari ndogo wakaikimbilia kubwa. Tumeviacha kwenye orodha, na namba zake, chini. Mwenye saratani ya matiti tayari ndiye asitumie njia za homoni; hilo tumeliandika kwa herufi nzito.

Homoni za kupunguza makali ya kukoma hedhi ni habari nyingine. Zile za mchanganyiko wa estrojeni na projestini, zilizochunguzwa Marekani hadi utafiti ukasimamishwa mwaka 2002, huongeza saratani za homoni, hasa ile inayoanzia kwenye vijitezi vya maziwa badala ya kwenye mirija. Hapa kwetu watumiaji ni wachache, nami ningeipita haraka kama si jambo moja la kujipima. Saratani hiyo ya vijitezi hukosa protini inayogandisha seli pamoja, kwa hiyo seli hujipanga mstari mmojammoja na mara nyingi hazifanyi donge. Mamogramu, yaani eksirei ya matiti, nayo inaweza kuikosa. Mafundisho yetu ya "tafuta gololi" yaliwaacha nje hao. Kipya kinasema: donge, au sehemu iliyogeuka ngumu au nene kuliko upande wa pili, au chuchu iliyoanza kuingia ndani.

Ukoo. Saratani za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 ya zote. Jeni zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA1 ana uwezekano wa takriban asilimia 72 wa kupata saratani ya matiti kufikia umri wa miaka 80, na wa BRCA2 takriban asilimia 69. Uvimbe wa BRCA1 kwa kawaida huwa hasi-tatu. Wa BRCA2 mara nyingi una vipokezi vya homoni, na jeni hiyo ndiyo huwagusa zaidi wanaume. Swali la zamani, "je, mama yako aliugua?", halitoshi. Uliza vizazi vitatu, upande wa mama na upande wa baba, maana jeni hupitia kwa baba vilevile. Uliza aliugua akiwa na umri gani, titi moja au yote mawili, na kama ukoo una saratani ya ovari. Aliyepata hasi-tatu kabla ya miaka 60 anastahili kuulizia kipimo cha jeni hata kama ukoo hauna historia.

Kuhusu HER2, uhusiano wake na vihatarishi hivi ni hafifu, na ndiyo maana kati ya safu za aina hizi kwenye kipeperushi kipya, yake ni fupi. Si uvivu wa mchapaji kama ilivyodaiwa.

Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini tujisumbue na aina wakati "sisi Waafrika ni hasi-tatu tu". Hapana. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa zilikuta hasi-tatu ni zaidi ya nusu nchini Ghana, ilhali Ethiopia ni karibu asilimia 15. Sehemu ya dhana hiyo, tena, imetengenezwa na kinyama kilichoharibika. Kipokezi cha estrojeni ni protini. Kinyama kikikaa kwenye joto bila dawa, protini huoza, maabara huandika "hasi", na mgonjwa hunyimwa tamoksifeni ambayo ingemsaidia. Kwa hiyo ukurasa wa mwisho ni wa msindikizaji: kinyama kiingie kwenye dawa ya kuhifadhi, formalini ya asilimia 10 iliyowekwa bafa (kizuia-tindikali), ndani ya saa 1 tangu kutolewa, dawa iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama, kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72, muda wa kutolewa na wa kuingizwa uandikwe kwenye fomu. Kisitiwe kwenye maji ya chumvi wala spiriti. Majibu yakirudi, seli zenye kipokezi zikifika asilimia 1 huhesabiwa chanya. HER2 ikiandikwa 2+ jibu bado halijapatikana, kipimo cha pili kinahitajika. 3+ ndiyo chanya. Ukurasa huo niliuandika mwenyewe, na nafurahi kwamba hata wapinzani wa kipeperushi wanautumia.

Na mstari wa juu kabisa wa kipeperushi kipya, uliosemwa kuwa unakatisha tamaa, unabaki. Shirika la Afya Duniani linasema takriban nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na kihatarishi kingine chochote kinachojulikana zaidi ya jinsia na umri uliozidi miaka 40. Orodha ya zamani ilimfanya mgonjwa ajiulize alikosea nini, na mume naye akauliza hivyohivyo mbele ya wakwe.

Suala la fulana nalijibu kwa ufupi. Fulana za mwaka juzi bado zinavalika.

MIPANGO YA MWAKA UJAO

Tunatarajia kuzifikia wilaya zaidi, kuwapa waelimishaji semina ya kipeperushi kipya, na Mungu akijalia kupata mfadhili wa kuchangia gharama za kipimo cha vipokezi kwa wasio na bima. Mazungumzo yanaendelea. Utekelezaji utategemea ada.

Mapendekezo ya kurekebisha kipeperushi yaletwe kwa maandishi kwa katibu, yakiwa na hoja, kabla ya kikao cha robo ya kwanza. Wenye haki ya kupiga kura leo ni waliolipa ada kamili. Mweka hazina yuko meza ya mlangoni na kitabu cha risiti, na atasoma hesabu baada ya chai.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti