YAH: MALALAMIKO KUHUSU PLAGI YENYE KIPIMO CHA LEZA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Plagi mliyotuuzia ya kupimia petroli ndani ya silinda, ambayo hupitisha mwanga wa leza kwenye kidirisha chake na kukadiria petroli kwa kiasi cha mwanga kinachopotea, haifanyi kazi tuliyoinunulia, na majibu ya wataalamu wenu hadi sasa hayajagusa tatizo lenyewe.

Kijitabu chenu kinaahidi kwamba mwanga wa rejea, yaani unaosomwa kabla petroli haijaingia, husomwa upya katika kila mzunguko wa injini. Si kweli. Programu huusoma mara moja tu chombo kinapowashwa, basi. Masizi yakitanda kwenye kidirisha, mwanga hupungua, na upungufu wote huo huhesabiwa kuwa petroli. Tulifunga bomba la petroli tukaizungusha injini kwa mota ya umeme, ikivuta hewa tupu. Chombo kikaendelea kudai kuna petroli. Tulipochomoa plagi na kupangusa kidirisha, petroli hiyo ya ajabu ikatoweka. Ushauri wa mtaalamu wenu ni kwamba tupanguse mara kwa mara. Yaani tuzime injini kila masizi yanapojitokeza?

La pili linaniudhi zaidi. Tulichanganya petroli na hewa nje ya silinda, kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, tukaingiza mchanganyiko huo bila kuwasha cheche. Pistoni ikipanda, gesi hubanwa lakini uwiano haubadiliki, kwa kuwa hakuna kilichoongezwa wala kutolewa. Chombo chenu kilisoma 14.6 vali zilipofungwa, kikafika 18 pistoni ilipokaribia juu. Sababu haijajificha. Kiasi cha mwanga wa leza (wenye urefu wa wimbi wa mikromita 3.39) kinachonyonywa na haidrokaboni, yaani kemikali zinazounda petroli, hutegemea pia joto na mgandamizo, ilhali cheti chenu kina namba moja tu ya unyonyaji, iliyopimwa kwenye joto la chumba. Injini gani inayochoma petroli kwenye joto la chumba?

Tunataka programu inayosoma rejea kila mzunguko kama mlivyoahidi, pamoja na jedwali la unyonyaji lililopimwa kwa petroli (si kwa gesi ya metheni, ambayo tabia yake ni nyingine kabisa) katika joto na mgandamizo wa silinda. Mkishindwa, chukueni chombo chenu mturudishie fedha zote. Kutubadilishia plagi nyingine ya aina ileile, kama mlivyopendekeza, hatutakubali.

Data ghafi za majaribio yote mawili nimeziambatisha.

Wenu,
Mkuu wa Maabara ya Injini