Ujerumani: muuguzi atangulie, familia ifuate

Ndugu Mhariri,

Sisi, wauguzi kutoka Afrika Mashariki tulioko Hamburg, tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin Septemba 2024, magazeti yetu yameandika mengi kuhusu viza, mishahara na kozi za Kijerumani. Kisichoandikwa ni yale yanayomkabili mzazi wa watoto wadogo akishatua na kupangiwa zamu, na hapo ndipo familia nyingi changa zinapoyumba. Ushauri wetu ni huu: anayekwenda kuanza kazi ya wodini atangulie peke yake. Mwenzi na watoto wafuate muda wa majaribio ukiisha na nafasi ya chekechea ikishathibitishwa kwa maandishi. Tunajua ni ushauri mchungu kwa wazazi wenye mtoto mchanga, na hatuutoi kwa wepesi.

Muda wa majaribio kazini huwa hadi miezi sita, na katika kipindi hicho mwajiri anaweza kukuachisha kwa notisi ya wiki mbili tu. Tena wengi wetu huingia vyeti vyetu vikiwa bado havijatambuliwa kikamilifu: mtu hulipwa mshahara wa msaidizi huku akifanya mafunzo ya kujaziliza au akijiandaa kwa mtihani, na kila siku anapokea na kukabidhi ripoti ya wagonjwa kwa Kijerumani. Ndani ya wiki nne za kwanza za ajira, ukiugua, mwajiri halazimiki kukulipa mshahara. Inabidi bima ya afya ndiyo ikulipe posho ya ugonjwa. Hiki si kipindi cha kuongezewa mzigo wa nyumba mpya na mtoto anayelia kila asubuhi.

Tuje kwenye chekechea, yaani Kita, maana hapa ndipo penye kazi. Tangu tarehe 1 Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya kupata nafasi ya malezi. Berlin Kita haina ada isipokuwa chakula na vitu vidogo vidogo; Hamburg saa tano za kwanza kwa siku ni bure pamoja na chakula cha mchana. Lakini kuwa na haki si sawa na kuwa na nafasi. Mijini mzazi huandika maombi kwenye Kita nyingi kwa mpigo na kusubiri miezi. Hata nafasi ikipatikana, Kita nyingi hufungua saa moja au saa moja na nusu asubuhi na kufunga saa kumi au kumi na moja jioni, ilhali zamu ya asubuhi hospitalini huanza kwenye saa kumi na mbili, na ya jioni humalizika saa tatu usiku au baadaye. Wazazi wawili wakiwa wote wa zamu, hesabu hiyo haitoki. Baadhi ya hospitali kubwa zina Kita yao inayofunguliwa kabla ya zamu ya asubuhi. Njia nyingine ni Tagesmutter, mlezi mwenye kibali anayelea nyumbani kwake watoto wasiozidi watano. Mara nyingi anakubali kupatana nawe juu ya saa.

Kisha kuna kipindi cha kumzoesha mtoto, ambacho wageni wengi hawakitarajii. Hapa mtoto haachwi mlangoni siku ya kwanza kama tulivyozoea kwetu. Kwa utaratibu unaofuatwa na Kita nyingi, siku tatu za kwanza mzazi hukaa humo chumbani na mtoto kwa saa moja hivi, bila kujaribu kumwacha. Siku ya nne mzazi hutoka kidogo, isizidi nusu saa. Ikiangukia Jumatatu, jaribio husogezwa hadi Jumanne, kwa sababu mtoto ametoka kwenye wikiendi na wazazi wake. Akilia na mlezi akashindwa kumtuliza, mzazi huitwa arudi, na jaribio lingine hungoja siku kadhaa. Yote huchukua wiki mbili hadi nne, na kwa mtoto asiyejua neno la Kijerumani huweza kuzidi hapo. Mzazi huyo lazima awe huru mchana na simu yake iwe inapatikana. Muuguzi aliye kwenye majaribio hawezi kuwa huru hivyo, kwa hiyo kazi hiyo ni ya mwenzi, kabla hajaanza kazi wala kozi ya lugha.

Bila uthibitisho wa chanjo ya surua Kita haimpokei mtoto. Ni sheria tangu Machi 2020. Aliyetimiza mwaka mmoja anadaiwa dozi moja, aliyetimiza miaka miwili dozi mbili. Kwa hiyo kadi ya kliniki yenye tarehe na mihuri ibebwe yenyewe, si picha ya simu. Kwenye begi utatakiwa kuleta ndala za ndani, nguo za kubadilisha, buti za mpira na suruali ya mvua, vyote vikiwa na jina la mtoto, kwa kuwa watoto hutolewa nje hata kukiwa na manyunyu.

Kuhusu karatasi, mpangilio ni muhimu kuliko haraka. Ndani ya wiki mbili tangu kuhamia nyumbani, kila mmoja husajiliwa ofisi ya wakazi, akiwa na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kuwa amehamia. Usajili huo ndio unaoleta namba ya kodi kwa posta. Mwajiri akikosa namba hiyo anaweza kukukata kodi kwa daraja la VI, ambalo makato yake ni makubwa kuliko ya madaraja yote ya kodi. Mwenye ndoa ambaye mwenzi wake bado yuko Dar es Salaam au Mombasa huwekwa daraja la I. Mwenzi akifika na kusajiliwa, wote wawili huwa daraja la IV, na kama ni mmoja tu anayefanya kazi, aombe kwa idara ya kodi daraja la III. Tofauti yake kwenye mshahara wa mkononi ni kubwa. Hayo yote hutegemea cheti cha ndoa cha serikali pamoja na tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Cheti cha msikitini au kanisani pekee kitakukwamisha.

Majina nayo yaangaliwe mapema. Mtoto wetu hubeba jina la baba na la babu, mama ana la baba yake, na ofisi ya Kijerumani inatafuta jina moja la ukoo. Hakikisheni herufi zinalingana kwenye pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa kabla ya kupanda ndege, maana kusahihisha mkiwa huku ni kazi ya miezi.

Posho ya mtoto, Kindergeld, ni yuro 259 kwa mwezi kwa kila mtoto tangu Januari 2026. Hailipwi nyuma zaidi ya miezi sita, hivyo isiahirishwe. Mwenzi asiye na kipato na watoto huingia bure kwenye bima ya afya ya umma ya muuguzi, ila lazima fomu ijazwe. Kadi zikichelewa, ombeni bima iwape barua ya muda ya kuonyesha kwa daktari.

Nyumba nyingi hukodishwa bila jiko wala sinki, na dhamana hufikia kodi ya miezi mitatu bila gharama za joto. Sheria inaruhusu kuilipa kwa mafungu matatu.

Majira ya baridi ya kwanza mtoto wa Kita huugua mara kwa mara, na mwenye homa hurudishwa nyumbani. Mzazi mwenye bima ya umma ana siku 15 za kazi kwa mwaka za kumuuguza kila mtoto wa chini ya miaka 12, akilipwa na bima, kwa cheti cha daktari tangu siku ya kwanza. Sharti ni kwamba nyumbani asiwepo mwingine wa kumtunza. Mwenzi asiyefanya kazi akiwepo, siku hizo huzipati.

Kwa mawakala na wizara zinazosimamia ajira za nje, tunaomba mambo matatu yaulizwe na kujibiwa kwa maandishi kabla mtu hajasaini mkataba: makazi yanayotolewa ni chumba cha mtu mmoja au familia inaweza kusajiliwa hapo, hospitali ina Kita, na inafunguliwa saa ngapi, na je, ratiba ya zamu hutolewa wiki ngapi kabla.

Ni sisi wasomaji wako,
Wauguzi kutoka Afrika Mashariki,
Hamburg, Ujerumani