Barabara ya zamani ya Pangani waachiwe wapanda baiskeli

Ndugu Mhariri,

Lami ya Tanga hadi Pangani, kilomita 50, tumeililia miaka mingi, na mwenye kuinung'unikia ana lake jambo. Mgonjwa wa Kigombe ataiwahi hospitali ya Bombo, na samaki hawatachina njiani masika yakiingia. Mimi naandikia kile kinachobaki pembeni ya lami: vipande vya barabara ya vumbi pale kona zinaponyooshwa, njia za ndani ya mashamba ya mkonge, na matuta ya reli ndogo za troli zilizokuwa zikipeleka majani ya mkonge korona, yaani kwenye mashine ya kuyachana yatoe nyuzi. Naomba vipande hivyo viunganishwe viwe njia moja ya baiskeli, isiyopita gari wala pikipiki, kutoka Tanga mpaka Pangani. Na iwe sasa, kabla havijamegwa viwanja.

Mtu wa Tanga hahitaji kuhubiriwa baiskeli. Mji wetu ni tambarare, na mama mwenye baibui anayetoka sokoni na kikapu kwenye keria hapa si kioja kama ilivyo kwingine. Lakini ukishatoka mjini kwenda kusini, mambo hubadilika. Kwenye lami, mwenye baiskeli husukumwa begani mwa barabara, na huko begani atakuta fuso limeegeshwa, bodaboda inakuja upande usio wake, na mbuzi. Wenye mipango hupenda kutuchorea mstari mweupe na kuuita njia ya baiskeli. Basi la abiria haliogopi rangi. Mzazi yeyote atakwambia kama anaweza kumwachia mtoto wa miaka kumi apite hapo.

Na laiti ingekuwa njia isiyo na cha kutazamwa, ningenyamaza. Kilomita zipatazo 20 kutoka mjini kuna magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya nguzo yanayoelekea bahari, mji uliokuwa ukiitwa Mtangata. Kwenye miamba ya karibu na hapo ndipo Wareno wa Vasco da Gama walipoichoma moto merikebu yao moja mwaka 1499, baada ya mabaharia kupungua mno kwa maradhi. Mbele yake ni Kigombe, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka duniani tangu zama za kale, na kumbe nyavu za wavuvi wetu zinamnasa. Kisha mikoko, minazi, mkonge tena, halafu Pangani yenyewe, mji alikonyongwa Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, na Wajerumani hao hao mnamo Desemba 1889. Ng'ambo ya mto, Kikokwe, ndiko Mjerumani Richard Hindorf alikopanda mkonge wa kwanza mwaka 1893: miche 62 iliyosalimika kati ya 1,000 iliyoondoka Florida. Kutoka kwenye miche hiyo nchi ilifika kuzalisha takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, mwaka 1964, ikawa ya kwanza duniani. Hayo yote yamo katika mwendo wa siku moja kwa baiskeli, mbili kwa mwenye kupenda kusimama. Kwenye gari yanapita dirishani.

Upepo nao una hesabu yake. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, mpanda baiskeli aanzie Tanga imsukume mgongoni. Kusi ikishika, aanzie Pangani. Wavuvi wanalijua hilo tangu enzi na enzi, wala hatuhitaji kumlipa mshauri mwelekezi atuandikie ripoti.

Wenzetu wamefanya. Magharibi mwa Ayalandi, katika kaunti ya Mayo, kulikuwa na reli ya kutoka Westport kwenda Achill, kandokando ya ghuba iliyojaa visiwa vidogo. Ilifungwa mwaka 1937, reli zikang'olewa, tuta likarudi kwa wenye mashamba, ng'ombe wakalala juu yake kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 2010 kipande cha kwanza kikafunguliwa kuwa njia ya baiskeli na miguu, na mwaka uliofuata ikakamilika, zaidi ya kilomita 40, karibu sawa na hii yetu. Ninalolipenda mimi katika habari hiyo ni suala la ardhi. Halmashauri ya kaunti haikuwanyang'anya wakulima maeneo yao wala haikuyanunua. Wenye mashamba walibaki na umiliki wao, wakatoa ruhusa watu wapite.

Kwetu mgogoro utaanzia hapo hapo kwenye ardhi, kwa hiyo afadhali tuliseme mapema. Mashamba ya mkonge yana wenyewe na yana hati, na mwenye hati akisikia neno "njia ya umma" hukimbilia kwa wakili. Akiombwa ruhusa ya kupita kwenye tuta asilolitumia, kwa maandishi, kwa miaka kadhaa, na halmashauri ikabeba jukumu la kufyeka na kutengeneza, mazungumzo yatakuwa mengine kabisa. Kwa upande wa barabara yenyewe, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeshatenga hifadhi ya meta 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba zilizokuwa ndani ya mita hizo tuliziona zikipigwa alama ya X. Kama hifadhi ilitosha kumhamisha mtu kwenye nyumba yake, haiwezi kushindwa kutoa meta 3 za baiskeli, nyuma ya mtaro na safu ya miti.

Kuna swali moja ambalo rafiki zangu hunibana nalo kila nikilizungumza jambo hili: bodaboda utawazuiaje? Nguzo za zege haziwezi. Pengo linaloruhusu baiskeli yenye tenga la samaki litaruhusu na pikipiki, na ukilibana utamfungia nje yule yule unayemjengea. Naona dawa iko kwenye sheria ndogo za vijiji. Kila serikali ya kijiji ipewe kipande chake, faini ya pikipiki iingie kwenye mfuko wa kijiji, na fedha hiyo hiyo ilipe vijana wa kufyeka. Kijiji kikionja faini mbili tatu, hakuna mlinzi atakayehitajika kutoka mjini.

Watalii nimewaweka nyuma makusudi. Njia hii ikijengwa kwa ajili ya mgeni peke yake, itaota magugu msimu wa kwanza wageni wakipungua. Wa kuitunza njia ni mchuuzi wa Kigombe anayetoka alfajiri na samaki kwenye keria, na mwanafunzi anayekwenda sekondari kijiji cha pili. Mgeni atawakuta njiani. Na mgeni wa baiskeli ana tabia moja ambayo mwenye gari hana: anachoka. Akichoka atataka dafu, mihogo, wali wa nazi, fundi wa kuziba pancha, na chumba chenye chandarua kabla ya magharibi. Mwenye gari anatoka Tanga asubuhi, anafika Pangani kwa saa moja, na vijiji vyote vya katikati havijaona hata shilingi yake.

Lami haihitajiki hapo. Changarawe iliyoshindiliwa vizuri, ikainuliwa katikati ili maji yateremke pembeni, inatosha; bila hivyo masika yakifika tope hujaa kwenye madigadi na gurudumu likagoma kuzunguka. Madaraja madogo ya mbao juu ya vijito mafundi wa majahazi wetu wanayaweza bila zabuni ya kimataifa.

Njia hii siiombei ifike Saadani, kusini zaidi. Ni hifadhi ya taifa, kuna simba, na baiskeli huko ina taratibu zake. Ila Ushongo, pwani ya ng'ambo ya mto, inafikika, na ndiyo maana naomba jambo la ziada: daraja la meta 525 juu ya Mto Pangani likishayachukua magari, kivuko kisiuzwe chuma chakavu. Kibaki kwa waendao kwa miguu na wenye baiskeli kati ya Pangani na Bweni.

Jiji la Tanga, Muheza na Pangani ni halmashauri tatu, na kazi ya watatu huwa haina mwenyewe. Kwa hiyo naomba Mkuu wa Mkoa awakalishe pamoja na wakala wa barabara, TANROADS na TARURA, waitembee njia yote mkandarasi akiwa bado na greda lake hapa. Na TANROADS mkoa wa Tanga ingejibu kupitia gazeti lako hili: vipande vya barabara ya zamani vilivyoachwa ni vingapi, viko wapi, na je, kuna aliyekwisha kupewa?

Mkazi wa Chumbageni,
Tanga