Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ndege Wahamao Duniani, Mafia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, viongozi wa kijiji, wazazi na wavuvi, shikamooni.

Risala hii inahusu ndege mmoja tu: mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene, anayeshinda kwenye mafungu yetu ya mchanga baharini msimu wa kaskazi. Jina lake la kitaalamu ni Dromas ardeola; hapa tutamwita mla kaa. Katika familia yake ya kisayansi hakuna aina nyingine ya ndege.

Huzaliana Oman, Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na Somalia. Huchimba shimo refu mchangani, na joto la mchanga husaidia kuatamia hata mzazi anapokwenda kutafuta kaa. Yai huwa 1, mara chache 2. Paka au panya wakifika kisiwani, au mtu akiokota mayai, jozi imepoteza mwaka. Hayo yako mbali nasi. Fungu liko mikononi mwetu.

Maji yakipwa ndege hawa hutawanyika. Yakijaa hukusanyika fungu moja. Siku za bamvuko, maji yanapojaa sana kuliko kawaida, hubaki kipande kidogo cha mchanga, na hapohapo ndipo mashua za watalii hupenda kutia nanga na mbwa kukimbia. Kundi likirushwa halina pa kutua, linamaliza nguvu bure. Makinda ndio wa kuhurumiwa zaidi, maana hata wakishafika huku bado hulishwa na wazazi wao.

Kuhesabu kuna utaratibu wake. Unakaa tayari saa 2 kabla ya maji kujaa, mita 200 kutoka fungu, jua likiwa mgongoni. Wawili huhesabu kwa makumi, kila mtu kivyake. Wakipishana sana, wanarudia. Wenye mgongo wa kijivu badala ya mweusi huandikwa peke yao: ni wa mwaka huo, na ndio wanaoonyesha kama uzazi ulikwenda vizuri. Siku za maji mafu, maji yanapojaa kidogo tu, usihesabu: kundi halijakusanyika na hesabu itatoka pungufu.

Mheshimiwa, Rufiji, Mafia na Kilwa zimo kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu 2004, ila orodha haimzuii nahodha. Tunaomba darubini 1 ya miguu mitatu, maboya 4, na sheria ndogo ya halmashauri: siku za bamvuko, mashua na mbwa wasisogelee fungu kuanzia saa 2 kabla ya maji kujaa hadi saa 2 baadaye. Hatuombi lifungwe kutwa. Maji yakishapwa, shughuli ziendelee.

Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.