Chupa moja haitoshi kuusafisha mto

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu habari mliyochapa wiki iliyopita, kwamba maji ya mto yamepimwa na hayana tatizo. Kwa mujibu wa habari hiyo, kilichopimwa ni sampuli moja, iliyochotwa chini ya daraja, saa sita mchana, wakati wa kiangazi. Kupima maji ya mito ndiyo kazi niliyoifanya hadi nikastaafu, na habari ile imeninyima amani, kwani wapo wazazi waliosoma kichwa chake wakawaruhusu watoto kwenda kuogelea.

Saa sita mchana ndipo mto mgonjwa huonekana mzima. Mbolea ikiingia mtoni, mwani hustawi, na jua likiwaka mwani huo hutoa oksijeni kwa wingi. Ukipima wakati huo utapata miligramu 9 au 10 kwa lita, ufurahi. Usiku mwani huohuo huivuta oksijeni hiyo. Rudi kabla ya alfajiri, palepale, na unaweza kukuta chini ya 3, samaki wamepanda juu wanatweta.

Mahali pa kuchota nako kuna hila. Mwaka 1925 Streeter na Phelps, waliochunguza mto Ohio nchini Marekani, walieleza kwa hesabu jinsi majitaka yanavyokula oksijeni ya mto: haishuki ghafla pale uchafu unapomwagwa, bali huendelea kushuka kadiri maji yanavyosafiri, ndipo baadaye ikapanda tena. Anayepima kando ya bomba anaweza kupata namba nzuri, na samaki wakafa mbali kule chini.

Kisha kuna wingi wa maji, ambao habari yenu haikuutaja kabisa. Tuseme kiangazi mto unapitisha mita za ujazo 2 kwa sekunde, na kila lita ina miligramu 3 za nitrati, kemikali itokanayo na mbolea na samadi. Huo ni mzigo wa kama kilo 518 kwa siku. Mvua zinyeshe, mto ufike mita za ujazo 40, nitrati ishuke hadi miligramu 2. Msomaji ataona nafuu, kumbe sasa mto unabeba karibu tani 7 kwa siku. Zimetoka mashambani, bondeni kote, na hakuna bomba la kulinyooshea kidole. Ndiyo maana nasisitiza mvua za kwanza zipimwe: ndizo zinazokomba samadi, vinyesi na mafuta ya barabarani vilivyolala kiangazi kizima.

Chanzo hutafutwa kwa miguu. Unapanda na mto, na kila kijito kinapoingia unachota juu ya maungio, unachota ndani ya kijito, unachota chini baada ya maji kuchanganyika. Unaelekea mkondo unakotoka ili usichote tope ulilolitibua mwenyewe. Chupa ya bakteria imeshatakaswa, kwa hiyo huisuuzi. Unaizamisha mdomo ukiwa chini, unaugeuzia mkondo, unaifunga na kuitia kwenye kasha la barafu, maana ikikaa juani bakteria hufa au huongezeka, na namba ya maabara haitakuwa ya mto tena. Pindua na mawe pia. Kemikali iliyomwagwa usiku huenda imeshapita asubuhi, lakini lava, yaani watoto wa wadudu wanaohitaji oksijeni nyingi, wameishi hapo miezi. Ukikuta wametoweka, wamebaki minyoo myekundu tu, endelea kutafuta hata kama chupa inasema heri.

Na E. coli, bakteria wa kinyesi, wakionekana, tusikimbilie kuwalaumu wenye ng'ombe. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja katika mililita 100, lakini hesabu hiyo haisemi kinyesi ni cha nani. Vipo vipimo vya vinasaba vya bakteria wa utumbo vinavyotofautisha binadamu na mifugo. Ni ghali, ila kumfilisi mfugaji asiye na kosa huku choo kikiendelea kuvuja ni hasara kubwa zaidi.

Mhariri, mkiletewa tena kipimo cha maji, mwulizeni aliyekileta: ulichota wapi, saa ngapi, mto ulikuwa na maji kiasi gani, mvua ya mwisho ilinyesha lini, chupa ilifika maabara baada ya muda gani? Chapeni majibu pamoja na namba. Akishindwa kujibu, msiandike kwamba maji ni salama. Na habari ya wiki iliyopita naomba mwisahihishe, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule.

Mpimaji maji mstaafu