Punda mchanga azoeshwe shogi kabla ya kubebeshwa mzigo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wafugaji wenzangu wa punda, hasa sisi wa kisiwa cha Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, na simenti, mchanga, mawe na mitungi ya gesi humfikia mtu mlangoni kwa mgongo wa mnyama huyu. Ninalolalamikia ni desturi ya kumkamata punda mchanga ambaye hajawahi kuvaa kitu chochote, kumfunga shogi, yaani tandiko la kubebea mzigo lenye mfuko kila ubavu, kumjaza mchanga siku hiyohiyo, kisha kumchapa kwa sababu amegoma kutembea.

Tumezoea kusema kwamba shukrani ya punda ni mateke, na msemo huo umewapa wengi kisingizio. Farasi akishtuka hutimua mbio, ilhali punda akiogopa aghalabu husimama tuli akilipima lile linalomtisha. Sisi tunamwona mkaidi, tunanyanyua bakora, naye siku yake ya kwanza ya kazi anajifunza kwamba shogi na maumivu huja pamoja. Punda wa namna hiyo hutega masikio nyuma kila aonapo mtu ameshika kamba, na ndiye huyo tunayemsema baadaye kwamba ana tabia mbaya.

Mimi huanza mwanapunda angali ananyonya, kwa kumshika tu: masikio, shingo, tumbo, hata kwato, mpaka mkono wa mtu uwe kitu cha kawaida kwake. Hatamu yake ya kwanza huwa ya kamba laini isiyo na lijamu, kile chuma cha kinywani, naye huivaa kwa dakika chache nikiwa kando yake, nikamvua, nikarudia kesho yake. Simwachi amefungwa peke yake, kwani punda mchanga akijinasa kwenye kamba na kuanza kuhangaika, kazi ya wiki nzima imepotea. Baadaye humletea gunia tupu, nikamwacha alinuse kwanza, kisha nikalipitisha mgongoni na ubavuni, kulia na kushoto.

Mshipi wa tumboni ndio unaotaka subira kubwa. Ngozi iliyo nyuma ya mguu wa mbele ni nyororo, na mshipi ukikazwa kwa ghafla, au ukiwa na mchanga uliogandamana na jasho, humchubua kabla hata hajabeba kilo moja. Huanza ukiwa umelegea, nikaukaza kidogo kidogo kila siku. Kamba inayopita chini ya mkia nayo ivingirishwe kitambaa, maana mateke mengi ninayoyajua mimi yalianzia hapo.

Ndipo ije shogi tupu. Hapa pana jambo ambalo hata wazoefu hulisahau: punda aliyevaa shogi ni mpana kuliko alivyojizoea. Katika vichochoro vyetu shogi hukwaruza kuta za pande zote mbili, na mnyama asiyejua sauti ile inatoka wapi hudhani ameshikwa na kitu. Kwa hiyo mzungushe kwanza uwanjani, kisha katika njia pana ya mbele ya bahari, halafu vichochoroni alfajiri kabla watu hawajajaa, akimfuata mamaye au punda mwingine anayeijua njia. Akishatulia, mtilie makumbi au kitu kingine chepesi, kwa uzani ulio sawa pande zote mbili. Yote hayo huchukua majuma kadhaa. Wenzetu wa bara wanaotumia mikokoteni wanaweza kumzoesha punda wao kwa kumvutisha tairi kuukuu, ili kelele ya kitu kinachomfuata isimtishe. Ila tafadhali wasimvike nira ya ng'ombe, kwani punda hana nundu, na mkanda wa kifuani ndio unaomfaa.

Kuhusu umri, miaka miwili inatosha kuanza mafunzo ya mshipi na shogi, lakini mzigo kamili ungoje miaka minne, mifupa ikomae. Muuzaji akikudanganya, fungua kinywa: meno mawili ya mbele ya katikati hubadilika karibu na miaka miwili na nusu, na yale ya pembeni kabisa karibu na minne na nusu.

Najua haraka hii inatoka wapi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini, na ya 2019 takriban milioni 1.2, katikati yake, kuanzia 2016, yalifunguliwa machinjio ya kuuza ngozi na nyama nje, punda mzima akawa ghali, na anayetegemea mzigo wa leo kwa chakula cha leo akamgeukia mchanga. Simlaumu mtu kwa umaskini wake, lakini punda aliyeharibika mgongo akiwa na miaka mitatu hamlishi mtu.

Hapa Lamu tumekuwa na zahanati ya punda tangu 1987. Ningeomba wahudumu wake, pamoja na maafisa wa mifugo wa kaunti, wanapokutana na wenye punda kwa ajili ya dawa ya minyoo, watenge saa moja ya kuwaonyesha vijana kwa vitendo namna ya kumvika mnyama shogi tupu. Nina punda wa miaka miwili na nusu ambaye bado hajaujua mshipi, na niko tayari kumleta awe wa kufundishia.

Mfugaji wa punda,
Lamu