Mgonjwa wa sonona asikimbiziwe wimbo wa furaha

KWA MHARIRI,

Mtu akishikwa na sonona, ile huzuni inayokaa majuma na kumnyima usingizi na hamu ya chakula, jamaa huwasha redio, wakatafuta wimbo wa kuchangamsha na kumhimiza apige makofi. Nia yao ni njema. Lakini mgonjwa hugeukia ukutani, kwa maana wimbo huo humwonyesha tu jinsi alivyo mbali na wenzake.

Muziki unaomfaa huanzia pale alipo. Wataalamu wa tiba ya muziki wamekuwa wakiifuata njia hii tangu miaka ya 1940. Chagua nyimbo 5 au 6, jumla yake isizidi nusu saa. Hesabu mapigo ya wimbo kwa sekunde 15, uzidishe kwa 4: wimbo wa kwanza uwe na mapigo 60 hivi kwa dakika, kila unaofuata uongeze machache, wa mwisho usipite 100. Sauti isizidi ya watu wanaozungumza. Muulize kwanza kama anataka. Akikataa, kaa naye kimya, ujaribu tena kesho.

Maneno huharibu kuliko mdundo. Sonona humfanya mtu ajihukumu hata kwa makosa yasiyo yake, kwa hivyo nyimbo za toba, na zile tunazoimba matangani, ziwekwe kando hata kama alizipenda. Ala tupu ni salama zaidi, na sisi wa Kisumu tumebahatika kuwa na nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Ukimpata mpigaji, mwombe aanze kwa zile nyuzi 8 peke yake. Njuga za mguuni, na kile chuma cha kidole gumba cha mguu kinachogonga ubao, viingie wimbo wa nne au wa tano. Vikitangulia, humshtua mtu aliyechoka kiasi kwamba hata mlango ukifungwa kwa nguvu unamuumiza.

Mtunzi Mjerumani Robert Schumann alifahamu jambo hili kutokana na maradhi yake. Simfoni yake ya pili, utungo mrefu wa okestra, aliiandika mwaka 1845 na 1846, afya ikiwa bado haijamrudia, na baadaye alikiri kwamba ilimkumbusha siku za giza. Hakuifuta huzuni hiyo. Sehemu ya tatu ni ya polepole, yenye majonzi mazito, na ni baada yake tu ndipo furaha ya sehemu ya nne inapofunguka. Anayeisikiliza haharakishwi. Hata hivyo, muziki haukumponya: alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich, mwaka 1856.

Kwa hivyo dawa zisiachwe. Vidonge vya sonona kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 4 kabla nafuu haijaonekana, na wengi huvitupa katika wiki hizo, au siku ile wimbo umewapa unafuu.

Yupo pia mgonjwa wa namna nyingine: hajalala siku mbili, anazungumza bila kupumua, anagawa pesa. Huyo asipigiwe ohangla, ile ngoma yetu ya kuchezesha, wala asipelekwe mkeshani. Punguza sauti, punguza taa, umpeleke kwa daktari.

Na mgonjwa yeyote akitaja kufa, zima muziki. Usimwache peke yake hata dakika moja, na mfikishe hospitali iliyo karibu usiku huo huo.

Mwalimu wa muziki,
Kisumu